Ramani Kwenye Diski Tatu

Fundi wa mashine katika ile nyumba ya vitabu vya sauti alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili. Wenzake walimpa jina la Bi Hakika kabla hajamaliza hata wiki ya kwanza kazini. Jina lilimkaa vizuri. Ukimwambia mlango umefungwa, anauliza, "Una hakika?" kisha anakwenda kuutikisa. Ukimwambia chai ina sukari, anauliza, "Una hakika?" kisha anaonja. Nyumbani mumewe alishazoea. Kazini watu walicheka, lakini baada ya mwezi mmoja walianza kumpelekea vitu avikague, maana kila alichokikagua kilikuwa salama.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari. Ilikuwa na vyumba viwili vya kurekodia vilivyogongelewa magodoro ukutani, ukumbi mdogo wenye mapazia mazito, chumba cha meneja, na chumba kimoja chembamba mwishoni mwa korido ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Humo ndimo ilimokaa seva, kompyuta kuu ya ofisi, na ndani ya seva mlikuwa na vitabu vyote. Watu walisoma vitabu kwa sauti, sauti zikarekodiwa, na shule na maktaba za wasioona zikaja kuchukua nakala.

Aliyemtafutia Bi Hakika kazi ile alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe. Wifi huyu alikuwa haoni tangu kuzaliwa, naye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa sauti. Hakuna kitabu kilichotoka pale kabla hajakisikiliza kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Alisikia kiti kilichosogea, alisikia mdomo uliokauka, alisikia msomaji aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Na kwa kuwa walikuwa mawifi, vichekesho havikuisha. Mtandao ukipotea na mtu akipaza sauti kwenye korido, "Jamani, wifi imekatika!" yeye hujibu kutoka kwenye meza yake, "Mimi nipo, sijakatika popote. Tafuta wifi yako."

Jumatatu moja, Bi Hakika alikuwa akiandika orodha ya kila kilichomo ndani ya seva, kazi ambayo fundi aliyemtangulia hakuwahi kuifanya. Ndipo alipoona jambo lililomkosesha hamu ya chakula cha mchana.

Seva ilikuwa na diski tatu. Mbili zilikuwa kubwa, nazo zilikuwa mapacha: sauti yoyote ikiandikwa kwenye ya kwanza, papo hapo inaandikwa na kwenye ya pili. Ya tatu ilikuwa ndogo, kazi yake ni kuiwasha mashine. Kwa sababu ya wale mapacha, kila mtu pale alilala usingizi mzito. Diski moja ikifa, si kuna nyingine?

Lakini sauti hazikai kwenye diski kama vitabu kwenye rafu. Seva huzikata diski vipande vipande, ikaviunganisha, ikakumbuka kipande gani kinaanzia wapi na pacha wake ni yupi. Kumbukumbu hiyo huandikwa mahali padogo sana, na Bi Hakika aliiita ramani. Bila ramani, diski inaweza kuwa na sauti zote kamili, na seva isione chochote ila uji wa tarakimu. Fundi wa zamani alijua hivyo, ndiyo maana alitengeneza nakala mbili za ramani. Tatizo ni kwamba zote mbili aliziweka kwenye diski ya kwanza. Ilikuwa kama mtu aliyechonga funguo mbili za nyumba, akazitia zote mfuko mmoja wa suruali.

Bi Hakika alikwenda kumweleza meneja siku ileile. Meneja alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, mwenye kucheka kabla hata ya kusikia mzaha wenyewe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Dada yangu, Alhamisi nina wageni. Wanafunzi kumi na tisa. Wakishaondoka, ichokonoe hiyo mashine unavyotaka. Kabla ya hapo, nakuomba, usiiguse hata kwa kitambaa cha vumbi."

Bi Hakika akarudi kwenye orodha yake. Hakuridhika, lakini meneja ni meneja.

Wageni hao walikuwa wanafunzi wa shule ya wasioona, na walikuwa wakija kumwona mtu mmoja tu: yule anayesoma.

Yule anayesoma alikuwa mwalimu mstaafu ambaye pale kila mtu alimwita Babu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesoma vitabu mia mbili na kumi na viwili, kwa sauti iliyokuwa nzito bila kuchosha. Watoto waliisikia usiku kabla ya kulala, wakakua, wakazaa, na watoto wao wakaisikia. Kisha, miaka miwili nyuma, koo lilimsumbua. Madaktari wakampasua, wakaokoa maisha yake, lakini sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono, kama karatasi inayosuguliwa na karatasi. Hata hivyo hakuacha kuja. Kila Alhamisi alipanda zile ngazi, akakaa na wasomaji vijana, akawaonyesha kwa penseli wapi wavute pumzi na wapi wasiharakishe. Alikuwa mtu wa utani, na mnong'ono ulimfanya awe hatari zaidi, maana ulikuwa huwezi kujua anamteta nani mpaka umsogelee.

Basi ikafika Alhamisi. Meneja alivaa shati jipya, akawa anapanga viti ukumbini, anavipangua, anavipanga tena. Saa tatu asubuhi wifi alisimama mlangoni pa chumba cha mashine, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, kichwa amekiinamisha upande.

"Wifi," alisema, "kuna kitu kinagonga humu."

"Feni hiyo."

"Feni naijua, inaimba. Hiki kinagonga. Tak, tak, kinanyamaza, tak. Kiko chini, upande wa kushoto."

Bi Hakika aliinama, akaweka sikio karibu na seva. Hakusikia kitu zaidi ya feni. Lakini hakuwa mtu wa kubishana na sikio lile. Alikaa mbele ya kibodi, akafungua kumbukumbu za makosa. Tangu alfajiri, diski ya kwanza, iliyokuwa chini upande wa kushoto, ilikuwa imeshindwa kusoma mara arobaini na moja.

Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa meneja. Alimkuta na Babu, wanakunywa chai.

"Diski ya kwanza inakufa," alisema. "Ndiyo yenye ramani zote mbili. Ikifa kabla sijaweka nakala kwingine, vitabu vyote vitabaki kwenye pacha wake, lakini hatutaweza kuvisoma. Hata kimoja."

Meneja alicheka kwa mazoea, kisha kicheko kikamfia usoni. "Vya Babu pia?"

"Vyote."

Meneja alimtazama Babu. Babu alikuwa anapuliza chai yake kama vile vinavyozungumzwa ni vitabu vya mtu mwingine.

"Haya, weka nakala kwenye hiyo diski ya pili, yaishe," alisema meneja. "Mbili huku, mbili kule. Una muda gani?"

"Mbili kwa mbili hazitoshi. Nataka na diski ya tatu."

"Kwa nini tena? Wewe nawe!"

"Kwa sababu mashine ikiwaka huwa inauliza: nani ana ramani? Inataka kusikia zaidi ya nusu wakijibu. Zikiwa nne, mbili zikafa na ile diski, zinabaki mbili. Hiyo ni nusu kamili. Wakati inafanya kazi itavumilia, lakini ikizimwa haitakubali kuwaka yenyewe, maana haijui nusu ipi ndiyo iliyosema kweli. Nikiweka sita, mbili kwenye kila diski, yoyote ikifa zinabaki nne. Hapo ni wengi, haina cha kubisha."

Meneja alikuna kichwa. Babu akaweka kikombe chini, akawaita wote kwa kidole wasogee.

"Kwenye kamati yetu ya shule tulikuwa wanne," alinong'ona. "Miaka mitatu hatukuwahi kuamua rangi ya kupaka ukuta."

Meneja aliangua kicheko mpaka shati jipya likachomoka. "Haya, nenda! Lakini utazima mashine?"

"Sizimi. Nitawaomba tu watu wasihariri sauti kwa robo saa hivi."

"Una hakika?" aliuliza meneja, akimkonyeza Babu.

"Ningekuwa na hakika ningeomba nakala sita?" alijibu Bi Hakika, na tayari alikuwa koridoni.

Alianza na diski ya pili. Fundi wa zamani alikuwa ametenga humo nafasi ndogo kwa ajili ya ramani, sawa na ile ya kwenye diski ya kwanza, ila hakuitumia. Hivyo ndivyo orodha yake, ambayo bado hakuwa ameikamilisha, ilivyosema. Bi Hakika aliandika amri, akabonyeza, na seva ikakataa: nafasi ina mtu. Alitazama ndani. Akatazama tena, akavua miwani, akaipangusa.

"Nini?" aliuliza wifi, aliyekuwa amevuta kiti akakaa mlangoni kama mlinzi.

"Picha."

"Picha za nini?"

"Za harusi. Fundi wa zamani alihifadhi picha za harusi yake humu. Mia moja na nne. Huyu hapa anakata keki."

Wifi alicheka, kisha akakumbuka hali ilivyo. "Futa basi! Diski inagonga!"

"Siwezi kufuta harusi ya mtu, wifi. Je, kama hana kwingine?"

"Wewe na kaka yangu mmeokotana kweli. Futa!"

"Dakika kumi tu."

Alichomeka kidude cha kuhifadhia, akazinakili picha zote, akahesabu zilizofika, zikawa mia moja na nne. Akafungua chache kuhakikisha hazijaharibika: bibi harusi, mashangazi watatu, mtoto amelala chini ya meza. Ndipo akaisafisha ile nafasi. Wakati wote huo wifi alikuwa akimtajia kwa sauti ya chini kila diski ilipogonga, kama muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo. "Tak. Tak. Hiyo mbili pamoja. Tak." Bi Hakika hakukosea hata herufi moja. Aliandika amri tena. Safari hii seva ilikubali: ramani mbili, diski ya pili.

Diski ya tatu ilikuwa na ugumu wake. Yote ilikuwa imegawiwa, hapakuwa hata na pengo. Kulikuwa na sehemu moja tu inayoweza kuguswa, ile ambayo seva huhamishia mambo yake kumbukumbu inapojaa, kama mpishi anavyosogeza sufuria kwenye meza ya pembeni. Bi Hakika alitoa kichwa koridoni.

"Jamani! Acheni kila kitu kwa robo saa! Msifungue, msihariri, msisikilize!"

Wasomaji vijana walipokea habari hiyo kama kengele ya mapumziko. Wakatoka wote wakaenda dirishani kupunga upepo. Yeye akaifunga ile meza ya pembeni, akakata ukanda mwembamba pembeni mwake, akairudishia seva iliyobaki. Kwenye ule ukanda akaweka ramani mbili nyingine. Kisha akaomba orodha. Zikatokea sita, mstari chini ya mstari, mbili mbili kwa kila diski. Alizihesabu kwa kidole kwenye skrini mara tatu.

"Sita," alisema.

"Una hakika?" aliuliza wifi.

Walicheka wote wawili mpaka wakashikana mabega.

Ilikuwa saa tano. Alimpigia simu muuza vifaa, akaambiwa diski mpya itafika kesho asubuhi. Alitaka sana kuizima seva na kuiwasha, aone kwa macho yake kama itaamka, lakini meneja alimkatalia katakata. Zilibaki saa tatu wageni waje, alisema, na moyo wake una mipaka.

Wanafunzi walifika saa nane kamili. Walipanda ngazi kwa mstari, mkono wa huyu begani kwa yule, fimbo zao zikigonga vidato, na kelele zao zikajaza jengo zima hadi kwenye duka la rangi. Walikuwa wa miaka kumi hadi kumi na nne, na mwalimu wao mmoja alikuwa mbele. Meneja aliwakaribisha, akawakalisha, akawaambia kwa madaha, "Na sasa, wanangu, mtu mliyemfuata. Huyu hapa."

Babu alisimama mbele yao. Alikuwa amenyoa vizuri, amevaa koti. Akanong'ona, "Habari zenu, wajukuu zangu."

Kisha watoto wawili watatu wakasema "Shikamoo, Babu" kwa adabu, kama unavyomsalimia mgeni wa mzazi wako. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye fimbo iliyofungwa utepe, aligeuza uso kwa mwalimu wake.

"Huyu siye," alisema.

"Ndiye," alisema mwalimu.

"Siye, mwalimu. Mimi namjua. Huyu hana sauti."

Bi Hakika alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Aliona tabasamu la Babu likibaki usoni ingawa furaha yenyewe ilikwisha kuondoka. Meneja aliona pia, akaharakisha. "Ngoja, ngoja, tusikilize kitabu kwanza!" Akawasha spika.

Kilikuwa kitabu cha dereva mmoja wa lori, mwanamke, aliyeibiwa lori lake na akaamua kumfuata mwizi milimani kwa baiskeli. Sauti ya zamani ya Babu ilijaza ukumbi. Watoto waliitambua kwa neno la kwanza. Wengine walifumba mikono, wengine walitikisa miguu, na karibu wote midomo yao ilikuwa ikicheza kimyakimya, wanayajua maneno kabla hayajatoka. Babu mwenyewe alikaa kwenye kiti pembeni, akainamisha kichwa, akajisikiliza.

Dakika kumi hazijaisha, sauti ilikwama. Ikakwama katikati ya neno. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Kisha ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Bi Hakika alishakuwa mbioni. Chumbani kwa mashine skrini ilikuwa inamweleza aliyoyajua: diski ya kwanza imekufa, diski ya pili inabeba kazi yote, ramani zilizobaki nne. Alikaa kwenye kiti, akashusha pumzi ndefu. Kama ramani zingekuwa zilezile mbili za jana, ukumbi ule sasa ungekuwa kimya. Alinyoosha mkono kuchukua kalamu aandike saa ya tukio.

Umeme ukakatika.

Betri ya akiba ililia chini ya meza. Kwa maandishi ya kiwandani ilikuwa na uwezo wa dakika kumi na tano. Ilitoa kama mbili, muda uliomtosha Bi Hakika kuanza kuifunga seva vizuri, lakini haukumtosha kumaliza. Taa zikafifia. Ile feni iliyokuwa ikiimba ikashuka, ikashuka, ikanyamaza.

Sasa ilikuwa imezimika kweli. Na ikirudi kuwashwa, ndipo itauliza lile swali lake.

Ukumbini, nyuma ya mapazia mazito, palikuwa na giza totoro. Meneja alijigonga kwenye kiti, akasema kwa unyenyekevu, "Samahani sana, wanangu, kwa giza hili."

Kisha mvulana mmoja akauliza, "Giza gani?"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Walicheka mpaka wengine wakashikilia mbavu, na mwalimu wao akacheka, na wifi, aliyekuwa nyuma, akacheka kuliko wote. "Meneja," alisema, "leo umepatikana."

Kicheko kilipotulia, mnong'ono ulisikika kutoka pembeni.

"Dereva alisimamisha baiskeli," ulisema. "Mbele yake barabara iligawanyika."

Ilikuwa palepale ambapo umeme ulikuwa umekikata kitabu. Babu alikuwa akiendelea bila karatasi, kwa kichwa. Watoto wa nyuma hawakusikia vizuri, wakaanza kusogeza viti. Kisha wakaacha viti, wakaja kukaa sakafuni kumzunguka, magoti kwa magoti. Hakuna aliyekohoa. Mnong'ono ule ukawa ndio kitu pekee kilichosikika katika jengo zima. Dereva alichagua njia ya kushoto, akaona moshi, akaona lori lake limefunikwa kwa majani. Nyuma ya lori mtu alikuwa anapika. Babu alivuta pumzi fupi kwa pua, akangoja, akangoja tena kidogo, ndipo akalitaja jina la mwizi.

Yule msichana wa fimbo ya utepe aliinua kichwa.

"Ni yeye," alisema polepole. Kisha kwa nguvu: "Jamani, ni yeye! Anapumua vilevile!"

"Mimi nimemjua kitambo," alisema mvulana wa giza.

"Mwongo!"

"Nyamazeni, mwacheni asome!"

Msichana alinyoosha mkono hewani, akamtafuta, akampata mkono wa koti, akaushika. Wifi baadaye alimwambia Bi Hakika kwamba alimsikia Babu akimeza mate mara tatu. Kisha Babu akaendelea, na mkono wa msichana haukuachia koti mpaka mwisho.

Umeme ulirudi baada ya dakika ishirini na tano. Chumbani kwa mashine Bi Hakika alibonyeza kitufe, akasimama mbele ya skrini mikono ameikunja kifuani. Mistari ikaanza kupita. Diski ya kwanza: haijibu. Diski ya pili: ipo. Diski ya tatu: ipo. Kisha mistari ikasimama. Kialama cha kuandikia kikawa kinapepesa mahali pamoja.

"Sema," aliiambia mashine. "Unaona wangapi?"

Ilichukua muda kama wa mtu anayehesabu vidole vyake. Halafu ikaandika: ramani mbili hazionekani, ramani nne kati ya sita zipo na zinakubaliana. Na mistari ikaendelea kupita, mmoja baada ya mwingine, hadi ikatokea orodha ya vitabu vyote, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho.

Bi Hakika, mama wa watoto watatu, fundi mwenye vyeti vinne, alicheza. Alicheza peke yake katika kile chumba chembamba, mabega na kiuno, mpaka akagonga kiwiko ukutani.

"Imewaka," alisema wifi mlangoni. "Na haigongi tena."

"Umejuaje kama nacheza?"

"Sikujua. Ila sasa najua."

Bi Hakika alikimbilia ukumbini kutoa habari. Meneja, jasho likimtiririka, alirukia spika. "Imerudi, wanangu! Sasa mtasikia vizuri!"

Watoto kumi na tisa walimgeukia kwa pamoja. "Shhh!"

Meneja alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akasimama kando ya Bi Hakika. "Sasa mashine yako umeiokoa ya nini?" alimnong'oneza, naye pia, bila kujua, alikuwa amekumbwa na mnong'ono.

Jibu lilipatikana jioni ile. Kitabu kilipokwisha na Babu alipopigiwa makofi mpaka akajificha nyuma ya pazia, kila mtoto alitaka kuondoka na kitu. Bi Hakika na wifi walikaa mbele ya kompyuta, wakawauliza mmoja mmoja anataka nini, wakawanakilia. Mmoja alitaka kitabu cha nyuki. Mwingine alitaka vyote vilivyosomwa mwaka aliozaliwa. Yule msichana alitaka cha dereva wa lori, ingawa alikwisha kukijua kwa moyo, na akaomba kimeze kidude chote kisibaki na nafasi ya kitabu kingine. Vyote vilitoka kwenye diski ile ya pili, bila hata kimoja kukwama.

Kesho yake diski mpya ilifika. Bi Hakika aliitoa iliyokufa, akaweka mpya, na pacha wake akaanza kuifundisha kila alichokijua. Ilichukua saa sita. Ilipokamilika akaweka ramani mbili humo, akahesabu sita tena, akabandika karatasi ukutani inayoeleza zilipo zote, na karatasi nyingine kama hiyo kwenye chumba cha meneja, na ya tatu akaipeleka nyumbani kwake. Fundi wa zamani alipotumiwa picha zake za harusi alipiga simu, akalia. Mkewe alikuwa amemuuliza juu ya picha hizo kwa miaka minne.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya nukta nundu kutoka shuleni. Wifi aliiweka mezani, akaipitishia vidole mbele ya wote. Wanafunzi walishukuru, walimsalimia meneja na giza lake, kisha wakaandika kwamba wana ombi. Wanataka kitabu kipya. Na wanataka Babu akisome yeye, hivyohivyo alivyo sasa.

"Kwa mnong'ono?" aliuliza meneja.

"Ndivyo walivyoandika," alisema wifi. "Wamerudia mara mbili."

Babu alisema hawezi, akasema ni mzaha wa watoto, akasema ana mambo mengi nyumbani. Alhamisi iliyofuata alikuja saa moja kabla ya wakati wake, na kitabu kwapani.

Haikuwa rahisi kumrekodi. Maikrofoni ilibidi isogezwe mpaka ikamkaribia kidevu. Feni ilizimwa, simu zikazimwa, mwenye duka la rangi akaombwa asiburute makopo kabla ya saa sita. Hata hivyo wifi, mwenye visikizi vyake, aliinua mkono kusimamisha kazi mara mbili: kuna mtu anatembea. Mara ya tatu Bi Hakika alifungua mlango kwa utaratibu, akachungulia. Meneja alikuwa katikati ya korido, pekupeku, viatu mkononi, mguu mmoja umeinuliwa, ameganda hapo kama aliyesikia nyoka.

"Ameanza?" aliuliza kwa midomo tu.

Bi Hakika alitikisa kichwa kukubali, akamwonyesha kwa kidole akae palepale sakafuni, kisha akaurudisha mlango taratibu ili kisisikike kitu ila pumzi ya Babu ikianza ukurasa wa kwanza.